Birika la Perege

Kwa muda wa miaka miwili mjukuu wangu alikuwa akichelewa shule kwa sababu ya samaki wangu, wala mimi sikuwa na habari. Nilistaafu kazi ya ualimu mwaka 2019, na mwaka uliofuata nikajijengea birika la saruji uani kwangu, Chumbageni, Tanga, lenye kuchukua kadiri ya lita 1,000 za maji, nikatia humo perege 30. Sikuwafuga kwa biashara. Niliwafuga kwa kuwa mtu aliyezoea kutazamwa na watoto 40 kila asubuhi huona upweke mkubwa akitazamwa na ukuta. Perege huukimbilia mkono unaowalisha, na jambo hilo lilinitosha.

Lakini samaki wa birika huishi ndani ya choo chake mwenyewe. Kila siku ya tatu ilipasa sehemu ya maji imwagwe na mengine yaletwe badala yake, na mara nyingi bomba letu lilikuwa kavu. Mjukuu wangu aliyateka kisimani kwa jirani, ndoo kumi ndogo kabla ya jua kuchomoza, nami nikiamka nilikuta birika limejaa na mtoto amekwisha kwenda zake. Niliona ni utii mwema. Siku moja ya mwaka 2022 akaja mwalimu wake wa darasa, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu. Aliniamkia, akanywa kahawa, akazungumza habari za mvua, ndipo akasema kwa haya nyingi, "Mwalimu, mtoto huyu huchelewa mara mbili kila wiki, naye akiulizwa sababu hunyamaza." Nilipopiga hesabu ya siku, zilikuwa siku za ndoo.

Katika miaka yangu yote ya kazi niliwachapa watoto wengi waliochelewa. Sikumbuki hata mmoja niliyemuuliza alfajiri ile alikuwa amebeba nini.

Niliazimia kuwauza perege wote. Kijana mmoja wa mtaani, aliyesomea ufugaji wa samaki, alinizuia. Aliniletea kitabu kilichotolewa mwaka 2014 na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kinachoeleza ufugaji uitwao akwaponiki, yaani kulea samaki na mimea kwa maji yale yale. Nilisoma humo kwa pupa ya mwanafunzi. Wengine walikuwa wamekwisha kusumbuliwa na shida kama yangu: kisiwani St. Croix, ambako maji matamu ni haba, James Rakocy na wenzake waliifanyia kazi njia hii tangu miaka ya 1980.

Siri yake haimo katika samaki wala katika mboga. Samaki hutoa amonia, nayo sehemu kubwa hupitia mashavuni. Ikizidi majini humwua. Mnamo mwaka 1890 Sergei Winogradsky, Mrusi aliyekuwa akifanya kazi Zurich, alivitenga vijidudu viigeuzavyo amonia hiyo. Vijidudu hivyo ni vya namna mbili, navyo hupokezana kazi: vya kwanza huifanya nitriti, ambayo bado ni sumu, na vya pili huifanya nitrati, ambayo mmea huila kama mbolea. Vyote hukaa penye giza, unyevu na hewa, vimeng'ang'ania mawe na kuta. Basi ukiyapandisha maji ya samaki katika kitalu cha kokoto kilichopandwa mboga, yakashuka tena birikani, yatarudi yakiwa safi, na mboga zitakuwa zimeshiba.

Hayo niliyaelewa vizuri kitabuni, kisha nikayaharibu kwa mikono yangu. Niliwahamisha perege katika mapipa, nikalisugua birika kwa brashi na sabuni hata likang'aa. Usafi wa mwalimu! Vile vijidudu vilivyojilimbikiza ukutani kwa miaka miwili nikavimwaga mtaroni. Tena kitalu, chenye upana wa mita 2 za mraba na kina cha sentimita 30, nilikijaza kokoto za matumbawe, kwa kuwa huku pwani ndizo rahisi. Chokaa yake ikayapunguzia maji uchachu, na amonia huwa kali zaidi katika maji ya namna hiyo. Kitabu kilisema vijidudu huhitaji wiki kadhaa ili kujaa, mimi nikangoja siku nne. Perege 11 wakafa katika juma moja. Mjukuu wangu aliwazika chini ya mwembe bila ya kuniambia neno.

Mchicha nao ulichipua ukiwa manjano, majani machanga hasa, huku mishipa yake imebaki kijani. Hiyo ni dalili ya njaa ya chuma, kwani katika maji ya chokaa mzizi hauwezi kukichukua. Kijana yule alikamulia ndimu juu ya kokoto moja, ikatoa povu. Kokoto njema haitoi povu. Jaribio la senti chache, ambalo lingeniokolea samaki 11, na hata leo sijui kwa nini sikulifanya. Nikaagiza kokoto ngumu kutoka bara, na safari hii nikangoja.

Sasa simwagi maji. Naongeza tu yale yaliyonyonywa na jua na mboga, ndoo mbili tatu ndogo kwa juma, nazo nazibeba mwenyewe au nazikinga kwenye paa wakati wa masika. Mchicha, figiri na matembele hututosha, na jirani mwenye kisima hupata fungu lake.

Hata hivyo nawasikia watu wakisema kwamba birika la namna hii hujitegemea, nami siwezi kuwaunga mkono. Perege wangu 19 hula kadiri ya gramu 80 za chakula kwa siku, nacho hununuliwa dukani. Napunguza gharama kwa azola, jani dogo lielealo juu ya maji, ambalo nalikuza katika beseni, lakini halijatosha kamwe. Na pampu hunywa umeme. Usiku mmoja wa mwaka 2023 umeme ulikatika, na samaki wakapanda juu kuvuta hewa kwa vinywa. Nilichota maji kwa kopo na kuyamimina kutoka juu ili yachukue hewa, tena na tena, mpaka mkono ukafa ganzi. Yapata saa nane nilisikia kopo la pili upande wa pili wa birika. Sikuwa nimemwamsha. Tulimimina hata adhana ya alfajiri, umeme ukarudi, nikamwambia aende akalale, kwamba nitamwandikia mwalimu wake barua. Alikataa, akaoga, akaenda shule, akafika mapema.

Sasa yuko sekondari. Ndoo zake mbili za kisimani nilizitoboa chini mwezi uliopita, nikazipandia giligilani na kuzitundika juu ya kitalu. Aliporudi likizo alizitazama kwa muda, kisha akasema, "Babu, umechelewa."