Kati ya Mbagala na Wembley

Kila Mtanzania anayefuatilia mpira ana picha mbili za Mbwana Samatta kichwani. Ya kwanza ni ya kijana mwembamba wa Mbagala anayekimbiza mpira mchangani. Ya pili ni ya Machi 1, 2020, uwanja wa Wembley, amevaa jezi ya Aston Villa, anaupiga mpira kwa kichwa na kuifungia timu yake katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. City walishinda 2-1, lakini huku kwetu hilo lilikuwa jambo dogo. Mbagala imefunga Wembley, basi, mengine mtajua wenyewe.

Shida yangu iko katikati ya picha hizo mbili. Hapo pana miaka mingi ambayo hatuisimulii, na kwa kuwa hatuisimulii, kuna watu wameigeuza biashara. Mwaka huu biashara hiyo ilifika nyumbani kwetu. Naandika kwa sababu wengi wetu tunaosomea ualimu tutaikuta darasani, na mzazi atatugeukia atuulize: mwalimu, unasemaje?

Sisi tunaosoma Chang'ombe hatuhitaji kuelezwa mpira ni nini. Uwanja wa Mkapa ni jirani yetu, na siku ya Simba na Yanga hata ukijifungia na vitabu unajua nani kafunga. Mimi naishi nyumbani, Mbagala, kwa hiyo kila siku napanda daladala ya Rangi Tatu na kusikiliza uchambuzi wa bure kuanzia Mtoni mpaka Kizuiani. Nimekulia kwenye kelele hizo.

Mdogo wangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, na anacheza namba tisa. Ni mzuri, na hilo nimelisikia kwa watu wasiojua kwamba mimi ni dada yake. Mpira ukimfika ndani ya boksi hana mambo mengi, anapiga. Mtaani wameshaanza kumwita Samatta, kama walivyoitwa vijana wengi kabla yake.

Mwezi wa tatu alikuja mtu nyumbani, akajitambulisha kuwa ni wakala. Alikuwa nadhifu, mpole, ana simu mbili, na kwenye moja ana picha zake akiwa na wachezaji. Akasema kuna klabu Ulaya inatafuta vijana, majaribio ni ya wiki tatu, na nafasi zimebaki mbili. Familia ichangie shilingi milioni 4 kwa ajili ya viza, tiketi na "mambo ya ofisi". Nusu itolewe kabla ya Ijumaa. Jina la klabu atalitaja tukishalipa, maana washindani ni wengi.

Mama anauza samaki wa kukaanga. Hela pekee ya kiasi hicho anayoweza kuifikia ni ya kikoba, yake na mkopo juu yake. Usiku ule tulikaa wote sebuleni. Mjomba, ambaye ndiye mwanamume mkubwa kwa upande wa mama, akatoa hoja iliyonyamazisha watu. "Dada, usiogope. Hata Samatta alianza hivi hivi."

Nilitaka kujua: kweli Samatta alianza hivi hivi?

Nikachukua karatasi, nikaanza kuandika miaka. Samatta amezaliwa Desemba 1992. Timu yake ya kwanza kubwa ni African Lyon, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikiitwa Mbagala Market. Jina lenyewe linakuambia ni ya wapi. Aliichezea mpaka 2010, halafu akasajiliwa na Simba. Kutoka Mbagala hadi Msimbazi ni nauli ya daladala moja au mbili, na aliyemtaka ndiye aliyemfuata.

Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mazembe hawakuwa timu ya kubahatisha. Walikuwa mabingwa watetezi wa Afrika, na Desemba 2010 walikuwa wamecheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia na Inter Milan. Wakamwona kijana wa Simba akicheza dhidi yao, wakamtaka, wakailipa Simba, wakamchukua. Hapo nikamwuliza mjomba, kwa heshima zote: katika hadithi hii, ni wapi mzazi wa Samatta alitoa pesa? Mazembe ndio walitoa. Mwenye kuhitaji ndiye aliyenunua.

Halafu inakuja ile sehemu ambayo vijiweni tunairuka. Samatta alikaa Lubumbashi karibu miaka mitano. Alifika ana miaka 18, akaondoka ana 23. Wanaotaka kwenda Ulaya kesho asubuhi huwa hawapendi kuisikia Lubumbashi, lakini huko ndiko kazi ilikofanyika. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuifunga USM Alger ya Algeria katika mechi zote mbili za fainali, 2-1 kule Algiers na 2-0 nyumbani, na Samatta alifunga katika zote mbili. Januari 2016, mjini Abuja, CAF ikamtangaza mchezaji bora wa mwaka kwa wale wanaocheza ndani ya Afrika. Hakuna Mtanzania aliyekuwa amewahi kuipata tuzo hiyo. Mmoja wa aliowapita ni Robert Kidiaba, kipa wa timu yake mwenyewe.

Mwezi huohuo akasajiliwa na Genk ya Ubelgiji. Mchezaji bora wa ndani ya Afrika, bingwa wa bara zima, hakukimbilia Real Madrid. Alikwenda kwenye ligi ya wastani, klabu inayojulikana kwa kulea vijana na kuwauza, akakaa miaka minne. Msimu wa 2018/19 Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji na yeye akafunga mabao 23 ya ligi. Msimu uliofuata akacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya. Septemba 2019 alifunga kule Salzburg siku Genk walipokula 6-2, na Novemba akafunga kwa kichwa Anfield, mbele ya Liverpool waliokuwa mabingwa wa Ulaya. Mechi zote mbili timu yake ilipoteza. Ila walioangalia waliangalia, na Januari 2020 Villa, ambao mshambuliaji wao Wesley alikuwa ameumia goti, wakaja na hela.

Hesabu mwenyewe. Kutoka Simba kwenda Wembley ni zaidi ya miaka minane na klabu mbili katikati. Kila ngazi, klabu ya juu ilimwona akicheza, ikalipa, ikampa mkataba. Kwenye karatasi yangu hapakuwa na mstari hata mmoja ambapo mtu alisema "leteni nusu kabla ya Ijumaa".

Dogo akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada, wewe unaleta historia. Mimi naongelea nafasi." Halafu akaongeza la pili, ambalo lilikuwa na uzito zaidi: "Na hao waliofuata hizo ngazi zako, wote wamefika?"

Hawajafika wote, nikamwambia hivyohivyo. Pale Mazembe palikuwa na Mtanzania mwingine, Thomas Ulimwengu, miaka ileile, mshambuliaji vilevile, na naye ni bingwa wa Afrika wa 2015. Alipotoka akaenda Sweden, baadaye Bosnia, kisha akarudi kucheza Afrika. Ngazi zilikuwa zilezile na mwisho ukawa tofauti. Hata Samatta mwenyewe, pale Villa alicheza mechi 14 za ligi na kufunga bao moja, dhidi ya Bournemouth, na Septemba 2020 alikuwa ameshapelekwa Fenerbahçe ya Uturuki. Mtaani kwetu watu waliokuwa wakijaza vibanda umiza kumwangalia walianza kusema kaisha. Kaisha wapi? Baada ya hapo amepita Antwerp, amerudi Genk, amekwenda PAOK ya Ugiriki na kuwa bingwa wa nchi ile msimu wa 2023/24, na mwaka 2025 akajiunga na Le Havre ya Ufaransa. Muda wote huo alikuwa akivaa kitambaa cha unahodha wa Taifa Stars. Mwaka 2019, hapa jirani yetu, Stars waliifunga Uganda 3-0 na kufuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980. Kule Misri akafunga dhidi ya Kenya.

Tunampima kwa miezi michache ya Uingereza kwa sababu ndiyo tuliyoitazama. Ni sawa na mtu kusema huyu mwanafunzi si kitu kwa sababu ya pepa moja aliyopigia supu, bila kuangalia matokeo ya miaka yote. Na upande wa pili ni uleule: ukimwonyesha kijana dakika moja ya Wembley bila Lubumbashi, unamfundisha kwamba kati ya kiwanja cha mtaani na Ulaya hakuna kitu ila tiketi ya ndege. Wakala yule alikuwa anauza tiketi hiyo. Bidhaa yake tulishamtengenezea sisi wenyewe, kwa namna tunavyosimulia.

Mjomba akataka kitu cha kushika, si historia tu. Nilikuwa nacho. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusajiliwa na klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa mazingira machache, mfano wazazi wake wamehamia huko kwa sababu zisizohusu mpira. Dogo ana 16. Samatta alivuka mpaka akiwa na 18. Pia, tangu Oktoba 2023 wakala wa mpira anatakiwa awe na leseni ya FIFA, na majina ya wenye leseni yako kwenye tovuti yao, yeyote mwenye bando anaweza kutafuta. Nikampa mama maswali matatu ya kumwuliza yule bwana: klabu gani, leseni yako iko kwa jina gani, na kwa nini klabu inayomtaka mtoto wangu isimlipie nauli?

Mama alipiga simu kesho yake, akaweka spika. Yule bwana akajibu kwa upole kwamba watu wanaouliza sana ndio wanaochelewesha vipaji vya watoto wao. Ijumaa ikapita. Hela ikabaki kwenye kikoba.

Siwezi kudai kwamba nina ushahidi wa asilimia mia juu ya mtu yule. Dogo anajua hilo. Kwa wiki mbili alikuwa ananijibu "ndiyo" na "hapana" tu, na siku moja nilimsikia akimwambia rafiki yake kwamba dada yake msomi kamfungia mlango. Liliniuma. Ukiwa na miaka 16 na mtu mzima mwenye simu mbili kakuambia Ulaya inakusubiri, anayekuja na karatasi ya miaka anaonekana adui. Ninamwelewa. Na kuna usiku nawaza: je, kama ilikuwa kweli? Nikifika hapo narudi kwenye lile swali la tatu, ambalo halijajibiwa mpaka leo.

Wanachuo wenzangu, mkienda mazoezi ya kufundisha mtamkuta huyu kijana. Atakuwa amekaa nyuma, njumu ziko kwenye begi, na ukimuuliza kwa nini hajafanya zoezi atakutajia Samatta. Sisi walimu tuna jibu letu la zamani: "Samatta ni mmoja tu, shika kitabu." Jibu hilo halimsaidii. Linamwambia kwamba ni bahati nasibu, na mtu anayeamini ni bahati nasibu atanunua tiketi kwa yeyote anayeziuza. Mpe miaka badala yake. Mwandikie ubaoni: African Lyon, Simba 2010, Lubumbashi 2011, Genk 2016, Villa 2020. Mwulize kila mshale nani alilipa. Ni zoezi zuri la historia, la jiografia, na hata la hesabu.

Kisha mwulize anacheza timu gani sasa hivi na nani anamwona. Hapo ndipo ngazi yake ya kwanza ilipo. Wangu anacheza timu ya vijana ya mtaa, kocha wao anajitolea, mipira wanayo miwili. Msimu huu wameingia kwenye mashindano ya wilaya. Ameanza kunisemesha tena, kidogo kidogo. Jumamosi wana mechi saa kumi jioni, na kaniambia niende, ila nisikae karibu na benchi.