Msikiti Mkuu wa Gede

Msafiri atokaye Malindi kwenda kusini, akiisha kwenda kadiri ya maili 10, hufika Gede. Hapo, ndani ya msitu, pana magofu ya mji wa Waswahili wa kale, uliozungukwa na ukuta wa mawe. Jengo lake kuu la ibada ni Msikiti Mkuu.

Msikiti huo ulijengwa katikati ya karne ya 15, nao ukajengwa upya baada ya miaka kama 100. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari imekwisha kuanguka, lakini mihrabu yaelekea kaskazini, ndiko iliko Makka, na juu ya mlango mmoja ungaliko mkuki uliochongwa katika jiwe. Kando pana kisima, na mahali pa kutawadhia.

Nilisimama sana penye kisima hicho. Wachunguzi waliona kwamba kilichimbwa mara ya pili ili kiende chini zaidi, maana maji yalikuwa yakididimia. Kila mkulima ajua maana ya jambo hilo. Hudhaniwa kuwa upungufu wa maji, pamoja na hofu ya vita, ndio uliowahamisha wenyeji. Mwanzoni mwa karne ya 17 mji ulikuwa umeachwa, na msitu ukaumeza.

Tena la ajabu ni hili: Wareno walifika Malindi mwaka 1498, wakakaa huko miaka mingi, lakini jina la Gede halionekani katika maandiko yao. Habari tulizo nazo zilipatikana kwa jembe na sururu, tangu Bwana James Kirkman alipoanza kufukua magofu mwaka 1948, akakuta hata vyombo vya kauri vilivyotoka China.

Mimi ni karani, na kazi yangu ni kuandika majina na tarehe. Basi kilichonigusa kuliko vyote ni kaburi moja lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Fundi mmoja alichora tarehe, na kwa ajili yake twajua kwa hakika kwamba mwaka ule watu walikuwa wakiishi pale.

Mwaka 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Imeandikwa hatimaye. Lakini wazee wetu wangapi wajua nani aliyechimba kisima cha kijiji, na mwaka gani? Tuwaulize leo, tuandike. Mali bila daftari hupotea bila habari.