Nyundo Ubavuni mwa Boti

Fundi hakuanza kwa kuitazama boti. Alifika pale Kastamu, mwaloni Bukoba, akavua kandambili, akasimama kidogo akiangalia maji ya Ziwa Victoria kuelekea kisiwa cha Musira, kisha akatoa nyundo ndogo mfukoni mwa kaptura na kuanza kugonga ubavu wa boti. Ngo, ngo, ngo. Kila alipopiga alisogea nusu hatua. Alipokaribia tezi sauti ilibadilika, ikawa nzito na fupi, kama mtu anayegonga gunia la maharage. Akachora alama ya mkaa hapo, akamgeukia baba mdogo.

"Umesikia, Mzee?"

"Nimesikia."

Ulikuwa mwaka 1988, nami nilikuwa na miaka 12. Baadaye nilielewa kwamba fundi hakuwa na haja ya kugonga. Boti ile alikuwa ameitunza yeye mwenyewe kwa miaka mingi, ikiwa bado mali ya idara moja ya serikali, na kila ubao uliooza aliujua. Aligonga ili mnunuzi asikie kwa masikio yake.

Ijuganyondo, kwetu, si mahali pa watu wa maji. Ni mahali pa migomba, mibuni na miti ya muhumula, na ziwa ni la watu wa mwaloni. Ndani ya jina lenyewe mna nyondo, ambayo kwa Kihaya ndiyo nyundo, na Wahaya tumeishi na chuma tangu kale. Pale Katuruka wataalamu wamefukua mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri wa karibu miaka 2,000. Sisi ni watu wa jembe na nyundo. Kwa hiyo baba mdogo alipotangaza nyumbani kwamba anakwenda kununua boti mnadani, babu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza ni nani atakayeijua.

Hakuuliza atakayeiendesha. Alisema atakayeijua. Baba mdogo alilichukua neno hilo kama lilivyo. Alipofika kwenye mnada, kabla ya kuuliza bei, aliuliza nani alikuwa akiitunza. Wakamwonyesha mzee wa Kikerewe aliyekuwa ameketi pembeni juu ya debe. Akanunua boti, na wiki hiyo hiyo akamwajiri mzee huyo awe fundi wake.

Ilikuwa boti ya mbao za mvule, urefu wake kama mita 9, na mbele ilikuwa na chumba kidogo chenye vitanda viwili na madirisha ya vioo. Kwa macho ya mtoto wa Ijuganyondo ilikuwa nyumba iliyoamua kuogelea. Injini yake ilikuwa Perkins ya dizeli, silinda nne, imekaa katikati chini ya mfuniko. Baba mdogo alipanga kupeleka sabuni, sukari, nyavu na mafuta ya taa kwenye visiwa vya upande wa Muleba: Bumbire, Ikuza, na Goziba iliyo mbali kabisa ziwani. Chumba kilikuwa na maana kubwa huko. Ziwa likichafuka jioni, mwenye mtumbwi hulala ufukweni na mvua yake; sisi tulijifungia ndani, tukasikiliza mawimbi yakipiga ubavuni karibu na masikio yetu.

Jambo la kwanza alilonifundisha fundi lilinishangaza, nami bado naona ndilo kubwa kuliko yote. Boti ya mbao haiozi kwa maji ya ziwa. Huoza kwa maji ya mvua. Ubao ulio ndani ya maji muda wote hauna shida kubwa, kwa kuwa kuvu inayoozesha mbao inahitaji hewa pamoja na unyevu. Lakini maji yanayodondoka kutoka juu, yakapenya kwenye kona ya dirisha au chini ya msumari wa sitaha, yakatuama humo gizani, hayo ndiyo yanayoila boti. Bukoba, kama kila aliyelala chini ya bati la huko anavyojua, ni mji wa mvua.

Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa zaidi ya kuifunika kuliko kuiziba. Na tulikuwa na chumvi. Fundi alikuwa amefanya kazi Mombasa ujanani, akaona kwamba majahazi ya pwani huishi miaka mingi kwa sababu bahari yenyewe huyatia chumvi. Pwani adui wa mbao ni mdudu anayezitoboa, ambaye kwenye maji baridi haishi. Huku kwetu hakuna mdudu huyo, lakini hakuna chumvi pia. Basi kila baada ya miezi michache alinunua chumvi ya mawe sokoni, akaimwaga ndani ya ngama na kwenye pembe za mataruma, akaiacha iyeyuke polepole. Baba mdogo aliiandika chumvi hiyo kwenye hesabu ya biashara, chini ya dizeli.

Mwezi wa saba, jua likiwa kali, tuliivuta nchi kavu. Watu ishirini na kamba, magogo chini ya mkuku, na pombe ya rubisi ikisubiri kwenye kivuli. Fundi alikwangua rangi, akatoa pamba kuukuu kwenye viungo vya mbao kwa ndoana aliyojitengenezea, akasokota pamba mpya na kuipigilia kwa patasi butu. Ukipigilia sana, alisema, unazisukuma mbao mbali na mataruma. Ukipigilia kidogo, maji yataitoa. Nilijaribu mara nyingi na kila mara aliitoa yangu akarudia, bila kunigombeza.

Injini ilikuwa jambo jingine. Perkins za aina ile ni ndugu wa injini zilizokuwa kwenye matrekta ya Massey Ferguson, na huo ulikuwa wokovu wetu. Ringi za pistoni, gesketi na nozo tulizipata kwa wauza vipuri vya matrekta. Lakini trekta hupozwa kwa rejeta, na boti hupozwa kwa ziwa. Pampu inayovuta maji ya ziwa, na impela, ule mpira wenye mapezi unaozunguka ndani yake, havikutoka kwenye trekta lolote. Magugu maji yalipoenea ziwani miaka ya 1990 yaliziba chujio mara kwa mara, pampu ikazunguka kavu, mpira ukaungua. Tulipoishiwa, fundi alikata mwingine kwenye tairi. Ulitufikisha nyumbani kutoka Bumbire kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Mwaka wa tatu au wa nne baba mdogo alijenga kichanja cha bati na mabomba juu ya chumba, apate mahali pa kuweka mizigo zaidi. Fundi alipinga. Alisema boti imebadilika sauti, akimaanisha kwamba inapoinamia upande inachelewa kurudi. Baba mdogo alimheshimu katika mambo yote isipokuwa hilo, kwa sababu kichanja kilileta pesa.

Kisha ikaja tarehe 21 Mei 1996. Meli ya MV Bukoba, iliyotoka kwetu na kupitia Kemondo, ilipinduka asubuhi ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa na nafasi ya abiria wapatao 430. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Sidhani kuna mtaa wa Bukoba ambao haukuanua tanga mwezi ule, na kwetu tulizika majirani na wengine hatukuwapata kuwazika. Nilichosikia kikirudiwa kwa sauti ya chini mwaloni, na ambacho hakijaniacha, ni kwamba meli ile iliendelea kuelea kifudifudi, watu wakigonga kwa ndani, na ilipotobolewa ili waokolewe, hewa iliyokuwa inaibeba ikatoka, ikazama.

Walikuwa wanagonga kwa ndani. Fundi alipoambiwa hilo alikaa chini kwenye mchanga.

Siku ya tatu baba mdogo aliteremka mwaloni Nyamkazi na msumeno wa chuma, akakata kichanja peke yake. Hakutaka msaada. Mabomba aliyapeleka nyumbani, yakawa nguzo za banda la mbuzi, na yapo hadi leo.

Boti iliendelea miaka kumi zaidi. Kilichoiangusha kilikuwa ukame. Mwaka 2006 ziwa lilishuka kuliko ilivyoonekana kwa miongo kadhaa, mawe tusiyoyajua yakatokeza ufukweni, nayo boti ikabaki juu kwa miezi bila kufikiwa na maji. Mvule ulikauka, viungo vikafunguka hata ukapitisha kidole. Fundi, ambaye sasa alitembea kwa mkongojo, alituelekeza kuijaza magunia yaliyoloweshwa na kuyamwagia maji asubuhi na jioni, ili mbao zinywe na kuvimba tena. Zilinywa, lakini si zote. Kulikuwa na mbao za mvule na mbao za muhumula zilizowekwa baadaye mvule ulipokuwa ghali, na hizi mbili hazivimbi sawa. Ipi ilikuwa ipi, alijua yeye tu. Alifariki mwaka uliofuata.

Hapo ndipo nilipoona tumepoteza kitu gani. Tulikuwa na boti lakini hatukuwa na historia yake. Kila tuliponusa uozo tulibomoa mbao nzima ili kufikia mbovu. Baada ya miaka michache tuligundua mkuku wenyewe umelainika, nasi hatukuwa na mtu wa kutuambia tangu lini. Baba mdogo akasema inatosha. Injini ilienda kusaga mahindi, na vioo vya madirisha viko kwenye nyumba yangu.

Mimi nilinunua yangu mwaka 2019. Ni ya faiba, mita 7, ina chumba mbele kama ile, na aliyeniuzia alikuwa Mwanza, ameipata kutoka kwa mtu mwingine ambaye naye aliinunua kwa mtu. Nilitumiwa picha kwa simu. Karatasi zilikuwepo. Hiyo ilikuwa miezi tu baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka karibu na Ukara, Septemba 2018, na watu zaidi ya mia mbili kufa mbele ya macho ya waliokuwa wanawasubiri. Kila mnunuzi aliuliza cheti cha ukaguzi na idadi ya jaketi okozi, jambo ambalo mwaka 1988 hakuna aliyelitaja. Nafurahi kwamba tunauliza. Lakini nilipouliza swali la baba mdogo, nani alikuwa akiitunza, muuzaji alishangaa. Hakuna, alisema. Faiba haihitaji kutunzwa.

Nilikwenda Mwanza na nyundo. Muuzaji alinitazama nikigonga plastiki kama mtu aliyepotea, lakini sauti ni ile ile. Mahali ambapo matabaka yameshikana hujibu kwa ukali. Yalipoachana hujibu kwa uzito. Ubavu ulikuwa mzima, ila chini ya mstari wa maji kulikuwa na malengelenge madogo, ambayo kwenye maji baridi hutokea kwa urahisi kuliko baharini. Nikapanda sitahani. Hatua tatu kutoka dirisha la kushoto nikasikia gunia la maharage. Sitaha ya boti nyingi za aina ile ina ubao katikati ya matabaka mawili ya faiba, na maji ya mvua yalikuwa yamepenya kwenye skrubu ya dirisha yakautia ubao uozo, gizani, kutoka juu. Niliipata kwa bei nafuu kwa sababu ya hapo.

Nikanunua na daftari. Naandika kila kitu: tarehe, saa za injini, mafuta, skrubu gani nimeitoa na kuirudisha na gundi gani. Nimeandika pia makosa. Nilinunua vipande vya zinki vya kulinda rafadha, kama wanavyofanya baharini, na mwaka mzima havikulika hata kidogo huku shafti ikiendelea kuliwa. Maji baridi yanataka magnesi. Hilo liko ukurasa wa 4, kwa kalamu nyekundu.

Ukurasa mmoja nausoma mara nyingi. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyokuwa na watu 43 ilitumbukia ziwani asubuhi, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Wavuvi walifika kwanza, na mitumbwi yao na makasia yao. Watu 24 waliokoka, 19 walikufa. Boti yangu yenye chumba na injini ilikuwa juu ya magogo, pampu imefunguliwa vipande vipande juu ya gazeti, kwa kuwa nilikuwa nimeahirisha ukarabati wa mwezi wa saba hadi msimu wa mvua. Nilisimama ufukweni na spana mkononi. Tangu siku hiyo injini haifunguliwi nje ya mwezi wa saba, na ikifunguliwa haikai wazi usiku.

Baba mdogo sasa hateremki tena ziwani. Nikifika Ijuganyondo jioni humkuta barazani, na baada ya salamu huuliza kama ngama ina chumvi. Nilimweleza kwamba faiba haihitaji. Akafikiri, akauliza juu ya ule ubao ulio ndani ya sitaha. Nikamletea daftari, naye akavaa miwani, akasoma polepole hadi mstari wa mwisho niliokuwa nimeuandika:

"Julai 14. Impela mpya. Skrubu za dirisha la kushoto zimetolewa zote, ubao umekaushwa siku tisa, zimerudishwa. Sauti ya hatua ya tatu bado nzito."