Jibini ya Masisi na Samli ya Kibuyu

Atokaye Goma kuelekea magharibi hufuata njia ya Ziwa Kivu hadi Sake, mwendo wa kilomita zipatazo 25, kisha huanza kupanda. Mawe meusi ya volkano hubaki nyuma, na mbele hutandazika vilima vya Masisi, vya kijani kibichi, vyenye ukungu na baridi, ng'ombe wakila majani miteremkoni. Wageni wamezoea kuifananisha nchi hiyo na Uswisi, sifa isiyohitajika: Masisi yatosha kuwa Masisi.

Maziwa huko ni mengi, ila mvua ikinyesha barabara huwa tope tupu, na maziwa hayangoji. Ndiyo maana ufundi wa jibini, ulioletwa na mapadre wa Kibelgiji, uliota mizizi. Maziwa yakiwa bado vuguvugu hutiwa dawa ya kugandisha. Yakishaganda hukatwakatwa, maji yake huchujwa, na mabonge hushindiliwa katika kalibu za mviringo. Baadaye jibini hulowekwa katika maji ya chumvi, ikapangwa juu ya mbao na kugeuzwageuzwa mpaka ikomae. Kilo moja hutumia maziwa lita zipatazo 10. Mzigo wa namna hiyo haumwagiki, hata ukipakiwa juu ya pikipiki.

Vita ndivyo vilivyoidhuru kazi hiyo kuliko tope. Katika miaka ya 1990 ng'ombe wengi mno waliporwa au kuchinjwa, na wafugaji wakakimbia. Askari wa Tanzania waliotumikia Kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoundwa mwaka 2013 wanalijua vema jina la Sake. Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji huo, kisha Goma. Njia ya jibini ndiyo hiyo hiyo ya majeshi.

Wafugaji wa pande hizo, kama wenzao wa Rwanda, husuka maziwa katika kibuyu kikubwa mpaka siagi ijitenge, nayo huwekwa hadi ikolee. Harufu yake ni kali. Asiyeizoea hukunja pua. Lakini pamoja na jibini ya Masisi haina mfano, na mafuta ya kopo hayaikaribii. Atakaye kukaanga huiyeyusha kwanza taratibu na kuengua povu, kwani mabaki ya maziwa ndiyo yaunguayo upesi. Aliye mbali na Masisi hutumia samli ya wafugaji wa kwao na jibini yoyote ngumu.

Vipande viwili vya mkate wa jana, si wa leo, hupakwa samli upande wa nje. Ndani huwekwa jibini iliyokatwa nyembamba na kitunguu kidogo. Kikaango kizito huwekwa juu ya makaa machache, kikafunikwa. Moto ukizidi, mkate huungua na jibini ingali ngumu. Kila upande hupewa dakika tatu au nne, mpaka rangi iwe ya dhahabu, kisha mkate hukatwa na kuliwa papo hapo, kwa chai ya rangi.