Mkataba wa Miaka Mitatu kwa Mshambuliaji wa Miaka 35

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Leo ni michezo, lakini vumilieni, tarakimu zinakuja.

Hapa kwetu Takaba, Mandera Magharibi, tuna timu ya mtaa, na mdogo wangu ndiye kipa. Mwezi uliopita kamati iliniita kikaoni kwa sababu moja tu: "Wewe una kompyuta." Kuna mshambuliaji, mwana wa hapa hapa, aliyewahi kucheza Nairobi. Sasa ana miaka 35 na amerudi nyumbani. Alitaka mkataba wa miaka 3, shilingi 12,000 kwa mwezi, na mwaka wa kwanza alipwe wote mbele.

Mfuko wa timu ulikuwa na shilingi 180,000. Sehemu kubwa ya fedha hizo ni mbuzi. Zilitoka kwa watu ambao ukame wa 2020 hadi 2023 uliwamalizia mifugo, na bado walichanga. Miezi 36 kwa shilingi 12,000 ni 432,000, fedha ambazo hatuna. Mwaka wa kwanza peke yake ni 144,000. Zinabaki 36,000 za mipira, viatu na nauli ya kwenda kucheza Elwak na Mandera.

Nikafungua lahajedwali. Tatizo: ligi zetu za mashinani hazina takwimu. Nikaamua kutazama mchezo ambao wenyewe huandika kila kitu kinachotokea uwanjani, yaani besiboli ya Marekani.

Kwa wasioujua, kazi ya mpigaji ni kuupiga kwa gongo mpira anaorushiwa. Akiupiga ukavuka uzio, hiyo ndiyo homurani, tamu kama bao la shuti la mbali. Albert Pujols alipiga 445 katika misimu 11 akiwa na St. Louis Cardinals, kuanzia 2001 hadi 2011. Hiyo ni wastani wa 40 kwa msimu. Desemba 2011, akikaribia miaka 32, Los Angeles Angels walimpa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 240. Kwao alipiga 222, wakamwachilia Mei 2021 kabla mkataba haujaisha. Gawanyeni wenyewe: zaidi ya dola milioni moja kwa kila homurani. Najua mchezaji hapimwi kwa kitu kimoja, lakini picha mmeipata.

Je, matajiri wale hawajui hesabu? Wanajua. Kule mchezaji hutumikia miaka 6 katika ligi kuu kabla hajawa huru kujiuza kwa timu yoyote. Miaka ya nguvu zake nyingi hulipwa kidogo kuliko thamani yake. Anapofika sokoni ana miaka 28, 30 au zaidi, na ndipo anapodai chake. Timu nayo inakubali ikijua kwamba miaka ya mwisho itakuwa hasara, ikitumaini kwamba ya mwanzo itafidia. Ni kama kununua simu kwa mkopo: wakati unamalizia kulipa, kioo kimeshapasuka.

Sasa sikieni kilichonifanya nisimame na kutembea chumbani. Mwaka 2022 Pujols, akiwa na miaka 42, alirudi Cardinals kwa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 2.5. Walimtumia kwa kuchagua, hasa dhidi ya warushaji wa mkono wa kushoto. Akapiga 24 na kumaliza maisha yake ya mchezo na 703. Kila moja iligharimu takriban dola 104,000. Mtu ni yule yule, mzee zaidi kwa miaka kumi, na bei imeshuka mara kumi. Basi umri peke yake haukuwa kosa. Kosa lilikuwa urefu wa mkataba.

Tusiende mbali, tutazame Gor Mahia. Katikati ya 2018 Meddie Kagere, aliyekuwa akikaribia miaka 32, aliondoka Gor kwenda Simba ya Dar es Salaam. Wapo waliosema ni mzee. Akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania mara mbili mfululizo: mabao 23 msimu wa 2018/19, na 22 msimu wa 2019/20. Januari 2019 Gor wakamsajili Dennis Oliech, karibu miaka 34, mkongwe wa Harambee Stars na Auxerre ya Ufaransa, kwa miaka miwili. Mkataba haukufika mwisho. Simpunguzii Oliech heshima yake, mabao yake kwa taifa hayafutiki. Lakini Kagere alinunuliwa kwa kazi aliyokuwa akiifanya wiki ile, na Oliech alikuwa amekaa muda mrefu nje ya mechi za ushindani. Sisi watu wa programu tungesema mmoja alipimwa kwa data ya leo, mwingine kwa faili la kumbukumbu.

Nikarudi kwa kamati. Nikawaambia: tukisie mabao 10 mwaka wa kwanza, 7 wa pili, 4 wa tatu. Bao la mwaka wa kwanza ni shilingi 14,400. La mwaka wa tatu ni 36,000, yaani bao moja linameza mipira, viatu na nauli zote. Mzee mmoja akacheka, akasema hakuhitaji kompyuta: ngamia hanunuliwi kwa maziwa ya mwaka juzi.

Mshambuliaji mwenyewe alikuwapo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Ndugu yangu, nilipokuwa na miaka 20 nikifunga kila Ijumaa hapa, mlinilipa ngapi?"

Kimya. Hatukuwahi kumlipa chochote. Hata nauli yake ya kwenda Nairobi aliitoa mama yake. Lahajedwali langu halikuwa na safu ya deni hilo.

Tulikubaliana hivi: mwaka mmoja, alipwe kila mwezi na si mbele, acheze nusu ya pili tu mechi zinapokuwa ngumu, na awafundishe vijana jioni. Mwaka ukiisha tunakaa tena. Pia kamati iliamua kwamba kijana yeyote anayeanza kikosini atapewa nauli na viatu kuanzia sasa, kabla ya mkongwe yeyote kulipwa nyongeza. Hilo lilitoka kwa swali lake, si kwa hesabu zangu.

Kwa hiyo jibu langu: mkataba mrefu na ghali kwa nyota anayezeeka kwa kawaida ni hasara. Lakini kabla hujamwita mchezaji mwenye tamaa, angalia kwanza nani alikula jasho lake la ujanani. Ukimlipa vizuri akiwa na miaka 20, hatakuja kukudai akiwa na 35.

Mechi ya kwanza ni Ijumaa ijayo. Matokeo nitawaletea, mtandao ukikubali.