Mla Majani wa Bonde la Ruhuhu

Mkulima wa Nkanka, katika Wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, apigapo jembe kando ya Ziwa Kivu likagonga jiwe, hatarajii kuona mfupa wa mnyama wa kale. Wala hakosei. Miamba ya pande hizo ama ni mikongwe mno, iliyotangulia wanyama wenye mifupa, ama ni ya volkeno, iliyomwagika juzijuzi kwa hesabu ya ardhi. Zama za kati hazimo. Azitakaye hana budi kusafiri kusini, alipite Ziwa Tanganyika lote, afike Songea, kisha ateremke katika bonde la Mto Ruhuhu, umwagao maji yake Ziwa Nyasa.

Huko ni nchi ya miombo na makorongo. Chini kabisa yamelala makaa ya mawe, yale ya Mchuchuma na Ngaka. Juu ya makaa kuna mawe ya mchanga na ya tope lililogandamana, na humo ndimo imo mifupa.

Mwaka 1930 mjiolojia wa serikali ya kikoloni, G. M. Stockley, aliikusanya baadhi yake. Mwaka 1932 Haughton, mtaalamu aliyefanya kazi Afrika Kusini, alimtangaza mnyama mmoja na kumwita Stenaulorhynchus stockleyi, kwa heshima ya mwokotaji. Jina hilo ni zito kulitamka, na mwenyeji wa Ruhuhu hana fungu ndani yake.

Mnyama mwenyewe alikuwa mtambaazi wa kipindi cha Triasi, zaidi ya miaka milioni 230 iliyopita. Si mkubwa wa kutisha, bali mnene, mwenye kichwa kipana kwa nyuma. Ajabu yake ilikuwa kinywani. Mbele palikuwa na mdomo uliopinda kama wa kasuku, usio na jino hata moja. Ndani, taya la juu lilijaa safu kwa safu za meno madogo yenye mfereji kati yake, na taya la chini liliingia mferejini kama kisu kiingiavyo alani. Mashina na majani magumu yalikatika humo. Mama wa nyumbani aliyewahi kuhangaika na mboga ngumu na kisu butu ataona tofauti.

Mifupa mingi ya Ruhuhu iliyookotwa miaka hiyo ya 1930 ilisafirishwa ng'ambo, mingine Cambridge, mingine Tübingen. Ilichukua miaka themanini hivi, hadi 2010, kwa mnyama wa bonde hilo kupewa jina lenye Kiswahili: Asilisaurus kongwe, jamaa wa karibu wa dinosaria, ambaye meno yake yaonyesha kuwa naye alikula mimea. Kielelezo chake kikuu ni mali ya Makumbusho ya Taifa ya Tanzania.

Na kazi haijesha. Kila msimu wa mvua makorongo huchimbika, mfupa mwingine hutokeza, na usipookotwa mapema, jua na maji huufanya changarawe.