Muvi Zisizo na Stelingi

Kwetu Karatu tulikulia kibanda umiza: benchi la mbao, DJ anatafsiri na kuongeza chumvi, na sheria moja, stelingi hafi. Ndiyo maana mwenzangu wa rumu ananicheka kwa hizi muvi ninazokesha nazo siku hizi. "Watu wanasafiri tu," anasema. "Sasa stelingi nani?"

Iliyoniteka kwanza ni *In This World* ya Michael Winterbottom, ya 2002. Vijana wawili wa Kiafghani, Jamal na Enayat, wanatoka Peshawar, Pakistani, kwenda London kwa njia za panya. Jamal anaigizwa na mkimbizi kweli. Sehemu kubwa ni malori, kungoja na kuhesabu hela. Enayat anafia ndani ya kontena. Jamal anafika. Nilifunga laptopu nikakaa gizani, nikiwaza barabara ya kwetu.

Karatu ni mji wa njiani. Utotoni tulihesabu magari ya watalii yakipanda Ngorongoro. Kuanzia Juni 2022 tukaanza kuona misafara inayoshuka: mabasi ya watu, malori ya vitanda, mabati na mifugo. Ni familia zilizokuwa zikihamia Msomera, Handeni. Msafara mmoja ulipita nikiwa nimesimama stendi na kikombe cha chai. Niliutazama, ukaisha, nikamalizia chai yangu.

Rafiki yangu wa sekondari, mtu wa Endulen, alihama na familia yake mwaka huohuo. Nilimtumia meseji moja tu: "Nyumba ikoje?" Akajibu, "Ipo."

Usiku ule wa muvi nikampigia. "Hebu nisimulie ile safari."

Alikaa kimya, kisha akasimulia mpaka dakika zangu zikakaribia kwisha. Bibi yake alipakata kibuyu cha maziwa njia nzima. Kila mji aliuliza, "Ndiyo hapa?" Walipofika kweli, hakuuliza tena.

"Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza njia," akasema. "Wengine wote wanauliza nyumba, ili wajue niko upande gani."

Nikamwambia kuna msafara niliuona ukipita Karatu, nikiwa stendi.

"Najua," akasema. "Ulikuwa na kikombe. Nilikupungia."

Dakika zikaisha.